Barua ya wazi: Naomba mwongozo wa kusahihisha swali la Kulwa na Doto

Kwa Waheshimiwa wote mnaohusika na kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971,
Bungeni Dodoma, na popote pale maoni ya wadau yanapokusanywa.

YAH: OMBI LA MWONGOZO WA KUSAHIHISHIA MTIHANI WA URAIA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Uraia katika shule moja ya kata, Tanzania Bara. Muhtasari wa Uraia wa Kidato cha Kwanza, ule wa mtaala wa zamani, una mada ya maisha ya familia. Ndani yake kuna maana ya familia na aina zake, uchumba, ndoa, mambo ya kuzingatia kabla ya kuoa au kuolewa, na madhara ya ndoa za utotoni. Tunaifundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo wanafunzi wangu wanaweza kuwatajia sifa tano za mchumba mwema kwa lugha ambayo hakuna mshenga atakayekuja kuitumia nyumbani kwao. Hilo nimelizoea. Wanakariri, wanaandika, wanapata alama zao, tunafungua ukurasa.

Nilijiponza nilipoacha maswali ya kitabuni nikatunga la kwangu, tena kwa Kiswahili, ili mada iwaingie. Nalinukuu:

“Kulwa na Doto ni mapacha wenye umri wa miaka 15. Kulwa alifaulu darasa la saba, yuko sekondari. Doto hakufaulu, yuko nyumbani anajifunza kushona. Bwana mmoja wa makamo, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, anataka kuoa katika nyumba hiyo. Eleza kitakachompata. (Alama 10)”

Nilitegemea wataje madhara ya ndoa za utotoni kama nilivyowaandikia ubaoni. Badala yake kijana mmoja wa dawati la nyuma akaandika sentensi moja tu: “Inategemea anamtaka yupi.”

Waheshimiwa, nimeshindwa kumkosesha. Bwana yule akimuoa Kulwa, Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inampeleka jela miaka 30. Watakaomsaidia nao wana adhabu yao. Akimuoa Doto, aliyezaliwa dakika chache baada ya Kulwa, kwa mama yule yule, anapokewa kwa vigelegele, anakaribishwa mkekani, anakula pilau na kuitwa mkwe. Sheria ya Ndoa imemruhusu, mradi baba ameridhia.

Nilipoyaeleza haya darasani, binti mmoja alinyoosha mkono. Alisimama, akainyoosha sketi yake vizuri, akauliza kwa adabu zote: “Samahani Mwalimu, kwa hiyo kinachomlinda Kulwa ni yunifomu?” Nikatazama saa. Kipindi kilikuwa na dakika 25 mbele yake.

Nikajaribu kuwaambia kwamba mtoto ni mtoto. Nikawatajia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayosema kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Wakafurahi. Kisha wakataka kujua Doto ni nini. Ni mtoto asiyeweza kupiga kura wala kupewa leseni ya gari, lakini anaweza kukabidhiwa nyumba, mume na, mwaka haujaisha, mtoto mwenzake wa kulea. Naomba mwongozo wenu unisaidie jina la kundi hili la watoto, kwa sababu wanafunzi wanapenda vitu vyenye majina.

Kuna jambo jingine ambalo sikulifundisha, kwa kuwa somo langu ni la maadili. Kanuni ya Adhabu inasema kufanya tendo la ndoa na binti wa chini ya miaka 18 ni kubaka, hata kama amekubali. Halafu inaongeza: isipokuwa kama ni mke wake na ametimiza miaka 15. Yaani bwana wa mashine akikutwa na Doto Ijumaa, ni mbakaji. Akifunga naye ndoa Jumamosi, Jumapili ni baba mwenye nyumba. Sijaona sabuni nyingine yenye nguvu kama cheti cha ndoa.

Kifungu chenyewe cha 13 nimekisoma zaidi ya mara moja. Hakidai miaka 15 ya cheti cha kuzaliwa. Kinadai miaka 15 ya kuonekana kwa macho. Mvulana naye aonekane ana 18. Mwaka 1971 vyeti vya kuzaliwa vilikuwa haba na nakubali watunzi walikuwa na sababu zao. Lakini kama macho yangali yanatosha, basi tuyatumie kote: tukienda kupiga kura, msimamizi wa kituo atutazame tu usoni, na mimi nikistaafu, mhasibu anikague mvi. Tena mahakama inaweza kuteremsha umri hadi miaka 14 ikiona sababu. Nimeitazama Kidato cha Kwanza B kwa jicho hilo la kisheria, nikakuta nusu ya darasa ina sifa.

Kifungu cha 17 nacho kimenipa taabu kwenye kipengele cha wajibu wa wazazi. Binti asiyeonekana kutimiza miaka 18 anahitaji ridhaa ya baba. Mama anaulizwa baba akishafariki. Ubaoni nimeandika kwamba wazazi wote wawili wana haki sawa katika malezi. Nifute, au niongeze “baada ya mazishi”?

Nisieleweke vibaya. Sheria hii naiheshimu. Mwaka 1971, majirani zetu wengi wakiwa bado wanajikuna kichwa, yenyewe ilishasema kwamba hakuna mume mwenye haki ya kumchapa mkewe wala mke mwenye haki ya kumchapa mumewe. Kwa sheria hiyo hiyo Mahakama ya Rufani, mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa. Hiyo kesi naifundisha kwa raha, na wavulana huinamisha vichwa. Ndiyo maana vifungu hivi viwili, cha 13 na cha 17, vinanikera zaidi.

Wala siwaletei jambo geni. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alilipeleka Mahakama Kuu, nayo Julai 2016 ikasema vifungu vya 13 na 17 vinapingana na Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe, umri uwe 18 kwa wote. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Oktoba 2024 ilitimia miaka mitano kamili, na kila tulipouliza tuliambiwa wadau bado wanatoa maoni. Binti aliyekuwa na miaka 10 siku ya hukumu alishatimiza 15. Ameshafika.

Mtaala mpya umekuja na somo la Historia ya Tanzania na Maadili, tena kwa Kiswahili. Nashukuru kwa dhati, ila nawatahadharisha: kwa Kiingereza watoto walikuwa wanakariri. Kwa Kiswahili wataelewa.

Mtihani wa kufunga mwaka ni mwezi ujao na swali la Kulwa na Doto limeshachapwa. Nisipopata mwongozo wenu, nitasahihisha hivi: atakayeandika “jela” atapata 5, atakayeandika “pilau” atapata 5, na atakayeandika “suala hili linafanyiwa kazi, tunaendelea kukusanya maoni ya wadau” atapata zote 10, kwa kuwa ndilo jibu rasmi. Muda wa mtihani, kwake yeye, hautakuwa na kikomo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Uraia, Kidato cha Kwanza B

Nakala:
Baba wa Kulwa na Doto – kwa ajili ya ridhaa.
Mama wa Kulwa na Doto – kwa taarifa tu.