Kombe Letu Tulilila

Yakhe, usinione nimejiinamia hapa kibarazani ukadhani nadaiwa. Nadaiwa kweli, lakini si hilo. Nimepewa kazi ya kuandika historia ya timu ya kijiji chetu. Mie! Mtu ambaye hata mwalimu wangu wa mwisho alikuwa haniiti jina, akiniita "weye wa dirishani".

Ilianza hivi. Kapatikana mtu anafanya kazi hotelini, anataka kutupa jezi. Seti nzima, na soksi. Sharti lake moja: historia ya klabu, ukurasa mmoja, awapelekee wakubwa zake. Kamati ikakaa. Nani anajua kuandika? Kimya. Haya, nani simu yake ina chaji? Nikanyoosha mkono. Elimu yangu ndiyo hiyo.

Jina la timu sikwambii. Kijiji pia sikitaji, watoto wangu wanasoma skuli ya hapo hapo. Jua tu ni kusini mwa Unguja, huko wanakolima mwani, na uwanja wetu ni pwani. Si uwanja ulio karibu na pwani, pwani yenyewe. Maji yakitoka tunacheza, yakirudi tunakimbia. Siku za bamvua bahari inakwenda huko mbali, unapata uwanja kama Amaan, mchanga mgumu, mpira unadunda. Maji mafu hakuna mechi, utachezea wapi, juu ya ngalawa? Na usiniulize habari za dakika tisini. Refa anatazama saa, kipa anatazama maji. Mechi tatu nimeziona zikivunjwa kwa kuwa kona imezama.

Basi nikaanza na wazee. Swali moja tu: timu imeanza mwaka gani? Mmoja akasema kabla ya Mapinduzi. Mwengine akasema muongo huyo, imeanza mwaka uliofunguliwa Amaan, 1970, wao walikwenda kutazama walichosaidia kujenga Wachina, waliporudi wakachora mistari mchangani. Wa tatu akasema imeanza wiki aliyooa mke wa kwanza. Mwaka gani, babu? Hakumbuki. Tukamuulize bibi? Akanifukuza na bakora.

Nikapanda daladala kwenda mjini. Namba yake nayo siitaji, utajua kijiji. Nikashukia Darajani, moja kwa moja mpaka Jaws Corner, maana pale ukinunua kahawa unapewa na historia ya dunia. Mzee mmoja wa kofia akanitazama kama nauza samaki wa jana. "Mwanangu, mpira Unguja umeletwa na nani?"

Nikajibu bila ya wasiwasi: Simba na Yanga.

Baraza zima likacheka. Muuza kahawa kacheka mpaka akamwaga kikombe, kikombe chenyewe changu. Ndipo nikasomeshwa bure. Kumbe mpira umekuja na Waingereza wa kampuni ya simu za waya za chini ya bahari, karne ya kumi na tisa huko, na vijana wa skuli ya misheni ya Kiungani wakausakata. Kumbe klabu ya Malindi wana mwaka wao, 1942, wanautaja kama mtu anavyotaja siku aliyozaliwa. Kumbe 1949 Unguja iliingia Kombe la Gossage, ikawa inapambana na Kenya, Uganda na Tanganyika. "Na nyie huko shamba, mmeshinda nini?"

Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Kombe tumechukua, usituone hivi. Moja. Lilikuwa mbuzi. Ndondo ya kwetu zawadi ni mbuzi, na mbuzi humuweki kabatini. Tulimchinja jioni ile ile. Mie nikapewa utumbo kwa vile nilikuwa benchi. Sasa ushahidi niutoe wapi?

Nikarudi kijijini nimechoka. Nikawakusanya wazee, nikawaambia basi, nipeni tarehe moja tu mnayokubaliana nyote. Moja! Wakatazamana. Halafu wakajibu kwa pamoja, kama wanaitikia dua: tarehe 17 Disemba 2017.

Nikaanza kutokwa na jasho. Siku ile naijua. Jumapili, asubuhi, bamvua. Jioni yake timu yetu, Zanzibar Heroes, wana fainali ya Kombe la Chalenji na Kenya, kule Machakos. Kisiwa kizima roho juu. Tena mwaka wenyewe ulikuwa ushatutia kidonda: Machi CAF wametupa uanachama kamili, Julai wametunyang'anya. Miezi minne! Hata chumba cha kupanga unakaa zaidi. Haya, fainali ikaisha mbili kwa mbili, tukafungwa kwa penalti, 3 kwa 2. Kila mtu Unguja anakumbuka alikuwa wapi.

Kwetu wanakumbuka na la asubuhi. Beki mmoja wa benchi aliingizwa dakika za mwisho, kwa sababu mwenye nafasi yake kaondoka mapema kuwahi kiti mbele ya televisheni. Maji yalishafika vifundoni. Mpira ukamjia polepole, unaelea. Akaupiga kwa nguvu zake zote, akidhani goli lile la wapinzani.

Halikuwa la wapinzani.

Beki yule simu yake ina chaji.

Wazee wanashikilia kuwa nuksi ya Machakos imeanzia kwenye mguu wangu. Nawaambia jamani, mie penalti sikupiga hata moja. Nani anasikia?

Basi ukurasa umekwisha. Kuanzishwa: zamani. Makombe: mbuzi mmoja, marehemu. Tukio kubwa: hapo kamati haikuniamini, wameandika wenyewe, na majina yangu matatu kwa herufi kubwa. Yule mtu wa hoteli kaupenda, kasema kwao wameucheka siku mbili. Jezi zimekuja juzi na soksi zake, kumi na tano.

Wachezaji tumo kumi na sita.