Swichi ya Chooni Yawasha Mtaa

Huku kwetu nyumba hupanda kwa msimu. Minada ya korosho ikishaanza mwezi wa 10, fedha zikaingia kwenye akaunti za wakulima, kuanzia Newala hadi Masasi kila mtu hukumbuka kwamba ana kiwanja. Fundi anayejua kuunga waya hugeuka mtu wa kutafutwa kwa heshima. Mwezi wa 6 anakupigia simu yeye, anakusalimia mpaka ng'ombe. Mwezi wa 11 unampigia wewe, na anayepokea ni mkewe.

Wayaringi ya nyumba yetu ilifanywa katikati ya msimu huo. Nasema "ilifanywa" kwa sababu sina hakika na nani. Fundi alikuja asubuhi, akachora alama za penseli ukutani, akamwachia kijana wake bando la waya, akapanda bodaboda kwenda kwa mteja mwingine. Waya zina utaratibu wake wa rangi: siku hizi kahawia hubeba moto, bluu ni nyutro, na wa kijani wenye mstari wa njano hushuka ardhini, zamani moto ulikuwa mwekundu na nyutro nyeusi. Kijana wetu aliona hayo ni mapambo. Dukani alikuta nyekundu, akachukua nyekundu, nyumba nzima. Baadaye ukuta ukapigwa plasta, ukapakwa rangi, na siri zote zikafukiwa humo.

LUKU ikafungwa, tokeni zikaingia, taa zikawaka. Watoto wakashangilia. Shida zilianza pale tulipotaka kuzizima.

Taa ya korido ina swichi mbili, moja sebuleni na nyingine mlangoni mwa chumba chetu, ili uwashe ukiingia na uzime ukifika kitandani. Mafundi huiita tuwei. Ya kwetu iliendeshwa kama akaunti ya chama cha msingi: bila saini mbili hakitoki kitu. Swichi ya chumbani ikiwa imelala upande wa chini, ya sebuleni ungeibonyeza mpaka kidole kiote sugu. Ilibidi upite gizani hadi chumbani, uiweke ile sawa, urudi gizani sebuleni, ndipo uwashe taa ya kukusaidia kupita. Baba watoto akatoa amri. Swichi ya chumbani aliibandika plasta ya kidonda na kutangaza kwamba isiguswe na mtu. Tukawa na swichi mgonjwa.

Nikampigia fundi. Akapokea mkewe. Nikapiga tena usiku, nikampata.

"Madamu, hiyo ni kawaida. Umeme wa huku kwetu ni wa gesi."

Ni kweli kwamba kwa miaka mingi mikoa ya Mtwara na Lindi ilipata umeme wa mitambo ya gesi ya Mnazi Bay, nje ya gridi ya Taifa. Jinsi gesi ya Mnazi Bay inavyoweza kuchagua swichi moja ya korido mjini Masasi na kuiacha ya jikoni ikifanya kazi salama, hilo hakulifafanua. Baba watoto, ambaye simu ilikuwa kwenye spika, alitikisa kichwa kama aliyeelewa.

Ya chooni ndiyo iliyotutoa nje, kwa maana zote mbili. Ukutani pale kuna swichi ya gengi tatu: choo, baraza na taa kubwa ya usalama inayoelekea barabarani. Ukibonyeza ya choo, choo kinabaki giza na barabara inawaka. Ukibonyeza ya barabara, choo kinawaka. Mgeni hawezi kufundishwa jambo hilo saa 8 usiku akiwa na haraka zake. Kwa hiyo kila aliyeamka alianza kwa kuimulika mitaa miwili, akashtuka, akazima, akawasha tena kuhakikisha. Asubuhi jirani yangu, mama mtu mzima mwenye adabu zake, ananisalimia akiwa na ufagio:

"Mwalimu, jana baba alikuwaje? Niliona kama tumbo halijatulia."

Wakati huo mama mkwe wangu akateremka kutoka Newala kuja kupimwa macho. Usiku wa kwanza tulimwandalia chumba cha wageni, nikamzimia taa. Asubuhi nikamwamkia.

"Shikamoo mama. Umelalaje?"

"Marahaba mwanangu. Nimelala vizuri, ila taa yenu haifi. Mnaizima, inabaki inanitazama."

Tukaangaliana na baba watoto. Mama macho yanamsumbua, ndicho kilichomleta. Tukasema hiyo ndiyo dalili yenyewe. Mchana tukaikagua taa: imezimika kabisa. Baba watoto akamweleza kwa upole kwamba jicho likichoka hutengeneza mwanga wake lenyewe. Elimu hiyo aliipata wapi, mimi sijui. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nikisimama Shimo la Mungu, kule kwetu Newala, naona Ruvuma, naona na Msumbiji ng'ambo. Nishindwe kuona taa iliyo juu ya kichwa changu?"

Jicho lake likapata dawa ya matone. Taa ikaendelea kumtazama.

Baba watoto alinunua testa, ile bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini. Tangu hapo hakukaa. Alipofika chumba cha mama, akazima swichi, akapanda kwenye stuli, akagusa shina la taa: testa ikawaka. Akasema testa ni mbovu. Akaenda kununua nyingine ya bei kubwa zaidi, nayo ikawaka. Akasema siku hizi vitu vyote ni feki.

Fedha za korosho zilipokauka mtaani, fundi alipatikana kirahisi, tena akiwa yeye mwenyewe. Alizima meni swichi, akafungua zote, akatoa mita yake. Kwa kuwa waya zote zilikuwa nyekundu, ilimbidi aupime mmoja mmoja na kuufunga utepe wenye jina, huku akimsema kijana wake kwa lugha ambayo watoto niliwatuma dukani wasiisikie.

Kwenye tuwei, kila swichi ina sehemu tatu za kufungia waya, na ile iitwayo komoni ndiyo mzizi. Kwenye swichi ya kwanza komoni hupokea moto, kwenye ya pili hupeleka moto kwenye taa, na waya mbili zilizobaki husafiri baina yao. Kijana aliifunga ya sebuleni sawasawa. Ya chumbani waya wa taa akauweka pembeni na msafiri mmoja akamkalisha komoni. Gengi tatu ilikuwa rahisi zaidi: waya mbili zilibadilishana nafasi.

Chumba cha mama ndicho kilichomfanya fundi anyamaze kidogo. Swichi ilikuwa inakata nyutro badala ya moto. Taa ilizima, lakini moto ulibaki umekaa kwenye shina lake, volti 230 zikimsubiri wa kuja kubadilisha balbu. Na waya zinazolala sambamba ndani ya bomba moja hupenyezeana umeme kiduchu hata zisipogusana. Balbu ya zamani ya wati 60 isingejali. Hizi za LED hushiba kwa kidogo, basi usiku kucha ilikuwa inang'aa kwa mbali, mwanga ambao mchana hauonekani. Testa zote mbili zilikuwa nzima. Baba watoto alikumbuka ghafla kwamba ana mtu wa kuonana naye mjini.

Mama hakufurahi.

"Ile taa, baba, huwezi kuirudisha ilivyokuwa? Nilikuwa naonea ndala zangu."

Fundi akamweleza habari za moto kwenye shina. Mama akasema yeye habadilishi balbu, anatafuta ndala. Walibishana mpaka chai ikapoa, na alipoondoka alikuwa ameahidi kumletea kitaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi.

Wiki iliyofuata jirani akanisimamisha kwenye geti, safari hii bila ufagio. Alisema kijana wake hurudi na bodaboda usiku, na alishazoea kupata mwanga wa kwetu pale kwenye shimo la barabarani.

"Mwalimu, kwani siku hizi hamwendi chooni?"