Namna ya Kuligawa Kanisa Bila Kupoteza Viti

Ikiwa unasali Kitengela na kanisa lenu limetimiza miaka mitatu bila kugawanyika, huenda umeanza kujiuliza mna kasoro gani. Wenzenu wa ng'ambo ya barabara ya Namanga wamegawanyika mara mbili, na sasa spika zao tatu hujibizana kila Jumapili asubuhi kama majogoo. Usihuzunike. Kazi hii haihitaji theolojia. Mimi nimekaa kwenye baraza la wazee wa kanisa miaka kumi na miwili, nimeona kanisa likipasuka mbele ya macho yangu, na sikumbuki hata siku moja tuliyogombana juu ya Utatu Mtakatifu.

Anza na ardhi, maana mji wenyewe ni mwalimu mzuri. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata kipande chake. Vipande vikakatwa ekari, ekari zikakatwa ploti za hamsini kwa mia, na sensa ya 2019 ilipofika ilikuta watu 154,436, wengi wao wakiwa wageni waliofuata kazi za viwanda vya EPZ kule Athi River, au ploti ya bei nafuu isiyopatikana Nairobi. Kanisa limefuata mkondo tu. Basi hakikisha hati ya ploti ya kanisa ina jina la mtu mmoja. Awe mtu mwema, mcha Mungu, asiye na doa. Akiwa mkora mtamshuku mapema na kuharibu mpango. Wema wake ndio utakaowafunga midomo mpaka siku atakapozikwa, na Jumatatu yake wanawe waje na mpimaji.

Ukishamaliza ardhi, mfukuze mkalimani.

Hapa sitaharakisha, kwa sababu wengi hawajui mkalimani ni nani. Wanamwona amesimama kando ya mchungaji, suti imempwaya, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili, wanadhani kazi yake ni kutafsiri. Kazi yake ni kuzuia vita. Mchungaji akisema kwa Kiingereza kwamba kuna watu humu wanaomtolea Mungu kama wanaompa weita bakshishi, mkalimani anafuta jasho, anasema: "Mchungaji anawashukuru kwa utoaji wenu, na anawaombea uzidi." Watu wanaitikia amina. Ukienda ndani zaidi, Isinya au Bissil, kuna mkalimani wa pili wa Kimaa, na karipio lililotoka kinywani likiwa na miiba hufika kwa wazee wa nyuma likiwa baraka kamili. Wanaitikia "Naai!" kwa sauti moja, na mchungaji anaamini amewagusa dhambi zao. Amewagusa, ila si pale alipokusudia.

Mkalimani huyu akiendelea kuwapo hamtagawanyika kamwe. Mwondoe kwa heshima: sema mnaokoa muda. Wekeni ibada ya Kiingereza saa mbili, ya wenye magari, na ya Kiswahili saa tano, ya wenye miguu. Kimaa kipewe wimbo mmoja siku askofu anapotembelea, ili wenyeji wajue hawajasahauliwa katika ardhi ambayo babu zao walilishia ng'ombe. Kabla ya mwaka kwisha mtakuwa makanisa mawili yanayotumia choo kimoja.

Kinanda na kikundi cha WhatsApp vitajifanyia kazi vyenyewe. Mwondoe mtu mmoja kwenye kikundi saa nne za usiku, kisha zima simu.

Mwanasiasa naye anafaa, ingawa siku hizi wakubwa wetu wametuharibia. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Waanglikana alisema wanasiasa hawatapewa tena mimbari. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Wakatoliki Nairobi akaagiza hata pesa alizotoa Rais kanisani zirudishwe. Ukiwa chini ya viongozi wa namna hii itakubidi usubiri harambee ya mabati. Mweke mgombea mmoja kiti cha mbele, mpinzani wake umsahau nyuma ya nguzo, halafu mnadi kuku. Kuku wa shilingi mia nane akifika elfu arobaini, ujue kanisa limeshagawanyika na kilichobaki ni kutafuta jina.

Akitokea mtu akasema mnaliaibisha jina la Kristo, mwambie mna ukoo. Wakorintho walikuwa na Paulo, Apolo na Kefa. Ninyi mna mchungaji na mweka hazina tu, hamjawafikia bado. Wala asidhani ni ushamba wa Waafrika. Juni 1913 wamisionari wa Kiprotestanti walikutana kwenye misheni ya Waskoti pale Thogoto, Kikuyu, kupanga shirikisho la makanisa yao. Walielewana vizuri, vizuri mno. Siku ya mwisho Askofu Peel wa Mombasa akaongoza Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Waskoti, na wasio Waanglikana wakashiriki. Habari zikamfikia Frank Weston, Askofu wa Zanzibar. Akawashtaki Peel na askofu mwenzake, Willis wa Uganda, kwa Askofu Mkuu wa Canterbury: uzushi! Magazeti ya London yakapata la kuandika. Shirikisho lile halikutimia. Miaka mitano baadaye misheni zikaambulia muungano mwepesi zaidi, na kutokana nao shule ya Alliance, iliyofunguliwa 1926 palepale Kikuyu. Waliosoma humo, nijuavyo mimi, ndio dhehebu pekee nchini lisilogawanyika.

Sasa tuje kwenye hatua ngumu, inayowashinda wengi. Sheria ya Vyama ya Kenya, Sura ya 108, inahesabu chama kuanzia watu kumi. Maana yake ni kwamba huwezi kugawanyika peke yako. Ni lazima upate watu kumi wanaokubaliana.

Unaona shida ilipo. Sisi tulimpata mama wa kwaya aliyetaka kinanda kiongezwe sauti na mzee aliyetaka kiuzwe. Wote wawili walimkasirikia mchungaji, basi wakaketi kochi moja. Tukakutana nyumbani kwa mmoja wetu, njia ya kwenda Korompoi: Wakamba, Wakisii, Mluo mmoja na Wamaasai wawili. Tukazungumza Kiswahili, bila mkalimani, na hakuna aliyeumia. Mtu akapika chai. Mwingine akaleta mandazi ambayo hakuna aliyemwagiza. Tulichanga elfu kumi na nane bila kunadi hata yai. Mkutano wa nne mtoto wa mmoja wetu alilazwa, tukaenda hospitali wote tukasahau ajenda. Kwa hiyo nakuonya: andika malalamiko yenu kwenye karatasi mapema, la sivyo mtapendana mpaka msahau mlichokasirikia.

Sisi karatasi tulikuwa nayo, tukagawanyika. Tukakodi hema, tukapewa viti hamsini vya plastiki kati ya mia mbili, baada ya mazungumzo yaliyokuwa marefu kuliko yale ya Thogoto. Vyote rangi ya buluu, duka moja, mwaka mmoja. Lilikuwa kosa. Ilifaa tuvipake rangi.

Mwezi wa tatu akafa mama mmoja wa kule tulikotoka, ambaye binti yake anaimba kwetu. Mazishi hayajui usajili. Hema letu likaenda, viti vyao vikaenda, na vyetu pia. Jioni vijana wakavibeba gizani kwenye pikapu mbili. Jumapili kuhesabu, sisi hamsini na kimoja. Wao pia wakahesabu: mia na hamsini kamili. Kiti kimoja kimetoka wapi? Mchungaji wao akapiga simu, akasema si chao, nasi tusifikiri wataanza kudai vitu vya watu. Tukamjibu kwamba sisi pia si wezi.

Iliundwa kamati, watatu wao na watatu wetu. Tumeshakaa mara nne. Chai ni zamu yetu, mandazi ni yao. Kiti chenyewe kina mguu uliopasuka, na mzee wa kinanda ndiye anayekikalia.