Mbuzi Isiyo na Meno

Mama watoto aliuzunguka ule ubao uliolazwa mkekani, akainama kuutazama, kisha akauliza kwa upole: "Baba watoto, mbuzi hii mbona haina meno?"

Hakukosea sana. Mbuzi ya kukunia nazi ni ubao wenye chuma, na gitaa la mapajani ni ubao wenye chuma. Tofauti ni moja tu: mbuzi unaikalia wewe, gitaa hili linakukalia wewe. Unalilaza mapajani kama mtoto mgonjwa, mkono mmoja unachapa nyuzi na mwingine unatelezesha kipande cha chuma juu yake.

Asili yake ni Hawaii. Mwishoni mwa miaka ya 1880, kijana wa shule aitwaye Joseph Kekuku aliacha kubana nyuzi kwa vidole, akawa anazipitishia chuma. Wengine husema kilikuwa kisu, wengine kitana, wengine bolti. Sauti ikawa inateleza na kulia kama mtu aliyefiwa. Wakazi wa pwani waliokulia kwenye filamu za Kihindi wanaijua bila kujua jina lake, maana gitaa hilo lilifika Bombay zamani na likapata kazi ya kudumu kwenye nyimbo ambamo steringi ameachwa na mpenzi wake. Mwaka 1932 Wamarekani wakaanza kuuza la umeme, la alumini, duara lenye mkono mrefu. Wanamuziki wakalibatiza jina la Kikaango. Kwa hiyo mama watoto, kwa kuliweka jikoni, alikuwa na wenzake.

Mwandishi wa makala haya aliamua kujitengenezea lake Kibiti, na jambo la kwanza lilikuwa mti. Jirani, Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki, hekta zipatazo 50,000, lakini mikoko haikatwi bila kibali, naye hakujiona akimweleza ofisa wa misitu kwamba anaomba mkomafi kwa ajili ya gitaa la kulaza. Jawabu likapatikana Nyamisati, pale abiria wa Mafia wanapopandia boti: kitako cha mtumbwi mbovu wa mwembe, unene sentimita 4, kikavu kabisa. Bei ilikuwa ya kusikitikiana.

Alichosahau kuuliza ni historia ya mtumbwi wenyewe. Miaka nenda rudi ulikuwa ukibeba samaki na kamba, ukanywa kila walichovuja. Bodaboda ilipofika Bungu jua likiwa la utosi, dereva alikuwa ameshageuza uso kando. Ubao ulipoteremshwa uani Kibiti, paka watano walikuwa wamejipanga kama wanaosubiri mgawo.

Pikapu nayo ilikuwa na kisa chake. Ndiyo sikio la gitaa la umeme: sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Mwandishi aliingia duka la vifaa vya umeme.

"Kaka, natafuta pikapu."

"Ya kwenda wapi?"

"Haiendi popote. Ya gitaa."

"Gitaa moja tu?" muuzaji akashangaa. "Si upakie kwenye bajaji?"

Hatimaye ilitoka Kariakoo, ndani ya mfuko wa karanga. Ili kubana matumizi, mwandishi alifunga nyuzi tatu za chuma, na tatu za mshipi wa kuvulia. Alipochomeka kwenye sabufa, za chuma ziliimba. Za mshipi zilitikisika kwa bidii zote zisitoe hata kwikwi. Sumaku inaujua uzi wa chuma tu. Uzi huo ukicheza juu ya sumaku huzaa umeme kidogo kwenye ule waya. Nailoni kwake ni mpita njia. Fundi pikipiki wa jirani ndiye aliyeokoa jahazi: alichambua waya wa klachi uliokatika, akatoa nyuzi tatu, na juu yake akaongeza pini ya pistoni ya gari dogo iwe chuma cha kutelezesha. Ni laini, nzito, na siku hiyo hiyo ilimwangukia mwandishi kwenye kidole gumba cha mguu.

Ikabaki mistari. Gitaa hili halina vyuma vya kubania. Nyuzi zimeinuliwa juu ya ubao, na mistari huchorwa ili jicho lijue pa kusimamisha chuma. Nyuzi zilikuwa na urefu wa sentimita 57. Mwandishi alichukua futi ya fundi cherehani, akagawa nusu ya urefu huo kwa 12, akachora mistari yenye nafasi sawa, mizuri kama ya daftari.

Onyesho la kwanza lilikuwa kibanda umiza, wakati wa mapumziko ya mechi. Sabufa ilianza kwa kunguruma, uuuu, kwa sababu pikapu husikia na nyaya za umeme za nyumba. Ukishika nyuzi inapungua, ukiachia inarudi. Kisha ukaja wimbo wenyewe, na kila sauti ikatua chini kidogo ya pale ilipotakiwa.

Mzee mmoja wa benchi la mbele alitikisa kichwa. "Tangu manowari ya Wajerumani ipigwe huko deltani, kitu kama hiki hakijasikika."

Manowari hiyo, Königsberg, ilizama tarehe 11 Julai 1915. Kijana mmoja akamuuliza: "Mzee wangu, kwani ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Ila leo nimejua ilikuwaje."

Kosa lilikuwa kwenye mistari. Nafasi hazilingani, zinapungua kadiri unavyosogea. Unagawa urefu uliobaki kwa 17.817: mstari wa kwanza unakaa sentimita 3.2 kutoka mwanzo wa uzi, wa pili sentimita 3 mbele yake, na kuendelea hivyo. Mwandishi alikuwa ameuweka wa kwanza kwenye sentimita 2.4. Kati ya mistari yake 12, wa mwisho tu ndio uliokuwa mahali pake.

Alipiga msasa, akachora upya, akapaka vanishi tabaka tatu. Harufu ikazimika, paka wakatawanyika. Jioni ya kujaribu, pini ya pistoni haikuonekana. Aliitafuta chini ya kitanda, akaenda kumsumbua fundi pikipiki bure, kisha akasikia ko, ko, ko kutoka jikoni. Mama watoto alikuwa akipondea kamba wakavu.

"Kumbe hiki kitu kina kazi," alisema, akakirudisha baada ya kukifuta kwa pindo la kanga.

Mwandishi akakaa, akalaza gitaa mapajani, akatelezesha chuma hadi mstari wa tano. Sauti ikatua pake. Akarudia, ikatua tena. Paka wa kwanza akaruka ukuta. Wa pili akamfuata, na kabla wimbo haujafika nusu wote watano walikuwa wamekaa mbele yake, macho hayabanduki kwenye ile pini.

"Naona umepata wasikilizaji," mama watoto alisema kutoka mlangoni.

Mwandishi alinusa vidole vyake, akaendelea kupiga.