Makundi ya Wanasaikolojia wa Tingi, Kadiri Yalivyothibitika

Swali la utafiti huu ni moja: mtoto wa Tingi, wilaya ya Kilwa, aliyekulia kati ya mikorosho na barabara kuu iendayo Lindi, anafikaje kwenye saikolojia? Mbinu ni kukaa barazani na kuuliza. Sampuli ni yeyote aliyepita akakubali kahawa. Nadharia tete: hakuna aliyetoka kwao akielekea huko, wito huja baada ya barua ya udahili.

Kundi la kwanza, nalo ndilo kubwa, ni Waliopangiwa. Hawa waliomba sheria, chaguo la pili wakajaza utawala, na la tatu, ili tu pasibaki wazi, Shahada ya Elimu katika Saikolojia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Waulize leo: tangu utotoni walivutiwa na akili ya binadamu. Tusiwacheke, maana wazee wa fani wenyewe hawana rekodi nzuri. Mwaka 1876 Sigmund Freud alikuwa Trieste akipasua mikunga, kama 400 hivi, akitafuta korodani zao. (Mvuvi wa Somanga akisimuliwa habari hii atataka kwanza kujua nyama ilikwenda wapi.) Pavlov alipewa Nobel mwaka 1904 kwa kazi ya mmeng'enyo wa chakula. William James naye alipenda kusema kwamba mhadhara wa kwanza wa saikolojia aliousikia maishani ni ule alioutoa yeye mwenyewe. Waliopangiwa watupu, ila hawakudaiwa na Bodi ya Mikopo.

Kundi la pili, Wenye Kazi Bila Cheti, linaleta mgogoro. Kungwi hupokea mwari, humsoma, humfunda, na siri anazozisikia anakufa nazo. Usaili wake ulifanywa na kungwi aliyemtangulia, naye alimchunguza miaka mingi bila kumwambia. Na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe tumweke wapi? Mwaka 1905 aliwaaminisha watu waliochoshwa na mashamba ya pamba ya Mjerumani kwamba hofu ya bunduki ina dawa, na dawa yenyewe ni maji. Kamati ya maadili ya leo isingempitisha, kwa sababu za msingi kabisa. Lakini sijamsikia profesa wa saikolojia ya jamii aliyepata mahudhurio kama yale. Mjerumani alimnyonga huko Mohoro mwezi Agosti mwaka huohuo, na vita ya Majimaji ikaendelea bila yeye.

Kundi la tatu waliingilia mlango wa Ukimwi: wauguzi na walimu waliopelekwa semina ya ushauri nasaha, wakafuata posho, wakarudi wamejifunza kunyamaza mwenzao anapolia. Kundi la nne, mabingwa wa mapenzi wa redioni, limeondolewa kwenye sampuli ili kulinda afya ya mtafiti.

Linabaki la tano, na hili ndilo lililoiharibu nadharia tete. Ni Wenye Mgonjwa Nyumbani. Kaka alianza kuongea peke yake akiwa kidato cha nne. Ikasemwa ni jini, ikapigwa ngoma. Akaja sheikh, akasoma. Mwisho familia ikachanga nauli, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma. Mdogo wake aliyebeba mfuko wa nguo akamsikia muuguzi akiutaja ugonjwa kwa jina, bila kushusha sauti, kama mtu anavyotaja malaria. Huyu saikolojia aliijaza chaguo la kwanza. Cha ajabu, wa kundi la kwanza wana hadithi ndefu za wito, na huyu mwenye wito, ukimuuliza, anajibu: "Nilipangiwa tu."

Makundi yote hukutana sikukuu ya Idi, yanaporudi nyumbani. Mtaani inajulikana kwamba mtoto anasomea wendawazimu. Mama, kwa kulinda heshima, ameshatangaza kuwa ni daktari. Asubuhi ya Idi mosi, bibi wa jirani yuko barazani na goti lake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nitazamie hili."

Anamweleza kwamba magoti siyo kazi yake, aende zahanati. Bibi anakubali, haondoki. Nusu saa baadaye anasimulia habari za mwanawe aliyeko Mtwara, asiyepiga simu tangu msimu wa korosho uliopita. Goti halikutajwa tena.