Mjomba Gundi Anajibu: Mume Wangu Amekwama Kwenye Bawa la Kushoto

Barua za mwezi huu zote zimeniuliza jambo moja: modeli ya plastiki, ile ya boksi, inamalizika baada ya muda gani? Inategemea anayeuliza ni mjenzi au ni mkewe. Anayetaka zaidi ya hapo aendelee kusoma.

"Shikamoo Mjomba. Mume wangu alianza kuunda ndege ya Spitfire nikiwa na mimba ya kitindamimba wetu. Mtoto sasa yuko shule, jina lake anaandika mwenyewe, na ndege bado haina bawa la kushoto. Juzi nimesoma kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza waliunda ndege nzima ya vita kwa siku moja. Ya kweli, Mjomba, yenye injini! Sina haki ya kukasirika?" (Mama Kitindamimba, Leicester)

Marahaba, mwanangu. Ulichosoma ni kweli. Ilikuwa ndege ya mabomu aina ya Wellington, iliyoundwa kiwandani Broughton, Wales, mwaka 1943, kwa saa 23 na dakika 50. Ilipigwa filamu kabisa, ili dunia ione. Wamarekani nao walikuwa wametamba mwaka mmoja kabla: huko Richmond, California, Novemba 1942, meli ya mizigo Robert E. Peary ilishushwa majini siku 4, saa 15 na dakika 29 baada ya mkuku wake kulazwa. Lakini mambo hayo yana siri. Vipande vikubwa vikubwa vilikuwa vimeshaandaliwa pembeni, na umati wa watu ulipokezana zamu usiku na mchana. Mumeo yuko peke yake. Zamu yake inaanza watoto wakishalala, na msimamizi wake hupita kila baada ya dakika kumi kuuliza kama takataka zimetolewa.

Sasa nikueleze saa zinakopotelea, maana ugomvi wenu umelala hapo. Spitfire ya kipimo cha 1/72 haifiki hata sentimita 13 kwa urefu. Kubandika vipande vyake hamsini hivi ni kazi ya jioni moja, na mtu akikuambia vinginevyo anakuficha kitu. Tatizo ni kwamba kazi haianzii nje. Inaanzia chumba cha rubani, kwa sababu mwili wa ndege ukishafungwa hakuna kidole kitakachopita. Wanaume wengi wazima wamezamia humo. Kuna kiti, kuna mikanda, kuna saa za dashibodi ndogo kuliko ufuta, na kila kimoja kinapakwa rangi kwa brashi yenye nywele za kuhesabika. Kisha kioo kinafunikwa juu yake na hakuna atakayeviona tena hadi Kiyama. Mjenzi anajua hivyo. Anapaka hata hivyo.

Baada ya hapo ni kungoja. Gundi ya plastiki huyeyusha pande zote mbili hadi ziwe kitu kimoja, kwa hiyo ukipiga msasa mapema unachimba shimo. Shimo linataka puti, puti ikauke, msasa tena. Rangi ya mafuta inataka kulala usiku mzima kabla ya kupakwa nyingine juu yake, na Spitfire ya mwaka 1940 ina kijani, ina kahawia, na tumbo lina rangi yake. Halafu stika za kulowekwa majini, halafu vanishi. Mikono imefanya kazi saa ishirini. Kalenda imekwenda miezi. Yeye anahesabu saa, wewe unahesabu keki za siku za kuzaliwa, na wote mko sawa.

Ila bawa la kushoto, sikufichi, halihusiani na rangi kukauka. Mabawa ya Spitfire yanatakiwa yainuke kidogo, yote mawili kwa kiasi kilekile. La kushoto alilibandika likainama, akaligandua, na tangu siku hiyo anakusanya ujasiri. Usimwambie aharakishe. Mnunulie boksi la pili la ndege hiyohiyo. Ataimaliza wiki mbili tu, na ile ya kwanza itageuka vipuri.

"Mjomba, habari? Nimemaliza kifaru cha Tamiya, kipimo cha 1/35, kwa wikendi moja. Wazee wa kikundi chetu wakanitazama kama nimeiba. Wanasema modeli ya maana haipungui miezi sita. Nimekosea wapi?" (Mwenye Haraka, Nairobi)

Hujakosea, mwanangu, wazee ndio wamesahau. Mwaka 1952 kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa modeli ya Golden Hind, meli ya Francis Drake, ikauzwa katika maduka ya Woolworths ndani ya mfuko wa plastiki kwa shilingi 2. Mlengwa alikuwa mtoto mwenye hela kidogo na mchana wa Jumamosi mzima. Jioni meli iko rafuni, gundi iko kwenye kitambaa cha meza cha mama yake. Hata hicho kipimo cha 1/35 ambacho wazee wako wanakitaja kwa heshima hakikushuka kutoka kwa wanahistoria. Tamiya walipounda kifaru chao cha kwanza cha plastiki, Panther, walikipa ukubwa wa kutosha kumeza mota na betri, kwa sababu kilikusudiwa kutambaa sakafuni. Haya mambo ya vibati vya shaba, kompresa ya kupulizia rangi na matope ya kubandika kwenye minyororo yalikuja baadaye, watoto wale walipokua wakapata mshahara.

Lakini picha uliyotuma nimeitazama. Ile alama ya kidole gumba juu ya mnara wa mzinga ni yako, na polisi wangekukamata nayo. Mara nyingine chagua wikendi ya Pasaka, ina Jumatatu.

"Kwako Mjomba Gundi. Mimi ni mstaafu wa bandarini. Naunda HMS Victory ya mbao, na sasa nimefika kwenye kamba. Kaka yangu wa Lamu hunicheka, ati mafundi wa Matondoni wangekwisha shusha majahazi mawili ya kweli. Nitamaliza lini?" (Nahodha wa Mezani, Mombasa)

Salaam, Nahodha. Victory yenyewe ilianza kuundwa Chatham mwaka 1759, ikashushwa majini 1765, na haikuanza kutumika rasmi hadi 1778. Miaka 19. Hujachelewa hata kidogo.

Na huyo kaka yako analinganisha visivyolingana. Jahazi lina mlingoti, foromali, na kamba ambazo baharia anazijua moja moja. Victory ina milingoti mitatu, na kila upande kuna ngazi za kamba, na kila kidato kinafungwa fundo kila kinapokutana na kamba iliyosimama. Ni mamia ya mafundo, kila moja kwa kibanio, na moja likikaa upande safu nzima inaonekana imelewa. Funga vidato vichache baada ya Alasiri, kisha inuka ukanywe kahawa. Waliojaribu kumaliza upande mzima kwa mkao mmoja wana miwani mipya.

Ila kaka yako asikie chochote isipokuwa habari za meli ya Liemba. Ile nayo ilikuwa modeli ya boksi, tena maboksi 5,000. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande, ikaja Dar es Salaam kwa meli, ikapanda treni hadi Kigoma. Hapo ikaunganishwa upya, ikaingia Ziwa Tanganyika Februari 1915. Haukupita mwaka na nusu tangu makreti yaondoke Ulaya, na vita vilikuwa vimeshaanza. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, injini wakiwa wamezipaka grisi. Ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Basi ukichoka na Victory yako, irudishe boksini bila aibu, ila usisahau grisi.

"Mjomba, nina maboksi mia mbili ambayo sijayafungua. Naunda matatu kwa mwaka. Nimepiga hesabu, nimeogopa." (Mwenye Kabati, Muscat)

Hesabu yako ni sahihi, na hukupaswa kuipiga. Kununua maboksi ni burudani moja, kuyaunda ni nyingine, na wewe umekomaa katika ile ya kwanza. Kuanzia leo nunua yenye vipande vichache.

"Mjomba, mlango mdogo wa gurudumu umeniruka kutoka kwenye kibanio. Niko chini ya meza tangu Ijumaa." (Aliyepiga Magoti, Dar es Salaam)

Inuka, mwanangu. Chonga mwingine kwa plastiki ya chupa ya shampuu, upake rangi, uubandike, ukauke. Ule wa kwanza utaukanyaga kesho yake asubuhi.