Umaskini Usio na Muhuri

Umaskini wangu nimekaa nao miaka yote na hakuna aliyewahi kuudai cheti. Mwaka huu binti yangu kapata chuo kikuu, fomu ya mkopo ikatua mezani, na ghafla umaskini huo unatakiwa uwe na mashahidi, picha ya pasipoti na muhuri.

Ndugu niliowapigia simu walinishangaa. "Si elimu ni bure siku hizi?" Ni bure, shemeji, ila bure hiyo inaishia kidato cha sita.

Nikaenda serikali ya mtaa. Mwenyekiti akanitazama kuanzia viatuni. "Mwalimu, wewe? Mwenye suti kila Jumapili? Si wewe uliyeshika kipaza sauti kwenye kikao cha harusi ukaahidi laki mbili?" Nikamwambia, mwenyekiti, ahadi ile mpaka leo ni ahadi. Akagonga muhuri kwa kinyongo. Kwa wakili, kiapo kina bei. Kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, ada. Maombi yenyewe, ada. Ukijumlisha, kuthibitisha kwamba huna kitu kunataka mtu mwenye kitu.

Kimbembe kikawa mdhamini. Mdhamini ni mimi, na mimi nilisoma kwa mkopo Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi mwaka 2005. Mpaka leo asilimia 15 ya mshahara wangu wa msingi hukatwa kabla sijauona. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilipofutwa mwaka 2021 nilichinja kuku. Kuku akaisha, deni likabaki. Sasa mdaiwa anamdhamini mdaiwa mwenzake, jambo ambalo hata kwenye kikoba cha mke wangu hawalikubali.

Tunasubiri asilimia za mkopo atakazopewa. Zikija zote, mtaa utasema nimejiliza mpaka nikapewa. Zikija chache, utasema si tulijua ana hela yule, na kadi za michango zitaongezeka mlangoni.

Binti mwenyewe hana presha. Juzi nimemkuta anapigia hesabu bumu, hela ya chakula na malazi ambayo hata haijatoka.

"Baba, likitoka la kwanza tu, nanunua simu."

"Na utakula nini?"

"Kwani wewe si upo?"

Nipo, mwanangu. Mimi ndiye asilimia zilizobaki.